Agabo na Mshipi wa Paulo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Katika vipindi vyetu vya Biblia kuna swali lisilokosa kurudi: je, Mungu bado anafunua neno lake kwa njia ya manabii, au alishamaliza? Mara nyingi anayeuliza ameshajijibu. Mmoja anafungua Waebrania 1, kwamba Mungu aliyesema zamani katika manabii "mwisho wa siku hizi amesema na sisi katika Mwana", na kwake mjadala umekwisha. Mwingine anakwenda Amosi 3:7, kwamba Bwana hafanyi neno bila kuwafunulia manabii siri yake, halafu anatuambia kanisa lisilo na nabii limepoa. Wiki hii naomba wote wawili watuvumilie, tukae na mtu ambaye mimbari zetu humpita mbio. Anaitwa Agabo.

Luka anamtaja mara mbili tu. Mara ya kwanza ni Matendo ya Mitume (Mdo) 11:27-30. Ametelemka kutoka Yerusalemu na manabii wenzake hadi Antiokia, akasimama, akaonyesha kwa uweza wa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Luka anaongeza kwamba ilitukia katika siku za Klaudio, yule kaisari aliyetawala Rumi kuanzia mwaka 41 hadi 54. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, naye anaieleza njaa iliyoipiga Yudea miaka hiyo, na jinsi malkia Helena wa Adiabene alivyotuma watu Misri wakanunue nafaka, na Kipro wakanunue tini zilizokaushwa, ili watu wa Yerusalemu wasife. Agabo hakubahatisha.

Lakini tazameni kilichofuata. Watu wa Antiokia hawakuuliza njaa itaanza mwezi gani. Hawakumzunguka Agabo awaombee iwapite wao na nyumba zao. Walichanga, "kila mtu kwa kadiri alivyofanikiwa", wakawakabidhi Barnaba na Sauli wapeleke kwa wazee wa kanisa huko Uyahudi. Fedha ilitoka kwa waliosikia, ikampita nabii, ikaenda kwa wenye njaa. Baada ya hapo sura hiyo hata haimtaji tena Agabo. Hakuna aliyempandia mbegu.

Mara ya pili ni sura ya 21. Paulo yuko njiani kwenda Yerusalemu, amefikia Kaisaria nyumbani kwa Filipo mwinjilisti. Agabo anatelemka kutoka Uyahudi, anauchukua mshipi wa Paulo na kujifunga nao yeye mwenyewe mikono na miguu. Jaribuni kuiona sebule ile: mtu mzima mbele ya wageni, amejizungushia mshipi usio wake, anasema, "Hivyo ndivyo Wayahudi watakavyomfunga huko Yerusalemu mtu mwenye mshipi huu." Wakaanza kumsihi Paulo asipande kwenda. Luka mwenyewe alikuwemo miongoni mwa waliomsihi, maana anaandika "sisi".

Paulo hakusema Agabo ni mwongo. Wala hakusema, "Nabii amenena, basi nageuza safari." Alilipokea neno, akalikataa shauri ambalo ndugu walilitoa kwenye neno lile. Ukisoma taratibu utaona kwamba Agabo hakusema "usiende". Hilo waliliongeza waliokuwa wanalia, na walilia kwa upendo. Mwisho wakanyamaza, wakasema, "Mapenzi ya Bwana na yatendeke." Agabo naye, aliyetanguliza maneno "Roho Mtakatifu asema hivi", hatusomi popote kwamba alimtishia Paulo kwa kwenda. Hakukuwa na "umemdharau mtumishi, utaona".

(Wapo wanaoona tatizo kwamba aliyemtia Paulo minyororo alikuwa jemadari wa Kirumi, Mdo 21:33, wala si Wayahudi kama Agabo alivyosema. Luka ndiye aliyeandika yote mawili na halikumsumbua, na Paulo mwenyewe katika 28:17 anasimulia kwa maneno yanayofanana sana na ya Agabo. Nami naliacha hapo.)

Kuna jambo jingine katika nyumba ile ambalo kwangu ndilo linalotusaidia zaidi. Filipo alikuwa na binti wanne, mabikira, waliokuwa wakitabiri. Luka alikaa kwao siku kadhaa, na ni mtu wa kuandika. Mshipi ameuandika, machozi ameyaandika. Maneno ya wale binti wanne hakuandika hata moja. Walitabiri kwa Roho yule yule, wakalijenga kanisa la Kaisaria, na unabii wao ukaishia Kaisaria. Haukuwa Maandiko, wala hakuna aliyedai uwe Maandiko. Hata hivyo ulikuwa unabii wa kweli.

Kwa hiyo mwenye hofu kwamba tukikubali kuna unabii leo tutakuwa tunaiongezea Biblia kitabu cha 67, atulie. Tangu siku za mitume wenyewe kulikuwa na unabii wa namna hiyo, na Biblia haikuongezeka kwa ajili yake. Na anayesema "nabii wangu amenena, imetosha", kana kwamba ni Isaya aliyesimama mbele yake, naye hana pa kushika. Efeso 2:20 inasema tumejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii, na msingi wa nyumba hauwekwi mara mbili. Neno lililotuokoa limeshasemwa katika Mwana. Mimi naamini Mungu bado huwapa watu wake neno la kujenga, la kuonya na la kufariji kwa wakati wake. Ila neno hilo linafika kanisani likiwa la kupimwa: "Na manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue" (1 Kor 14:29). Paulo haandiki hivyo kuhusu manabii wa uongo. Anawaandikia manabii halali wa Korintho, katika ibada ya kawaida, kwamba kazi yao ni kunena na kazi ya wengine ni kupambanua. Anayekataa kupambanuliwa amejitoa mwenyewe kwenye mstari huo.

Sasa tuangalie mambo yanavyokwenda kwetu. Mama mmoja ninayemfahamu alikata namba ya kumwona nabii. Aliingia ofisini peke yake, mlango ukafungwa, akaambiwa anayezuia ndoa yake isistawi ni mwanamke mzee anayeishi karibu na anayempa chakula. Jina halikutajwa. La nini? Mama mkwe wake anakaa nyumba ya pili. Siku chache baadaye bibi yule alituma bakuli la kunde kama kawaida yake, mjukuu akalirudisha vile vile, kawa juu, halijaguswa. Tangu hapo nyumba mbili zenye uani mmoja hazisalimiani. Nani alilipima neno lile? Lilinenwa kwa mtu mmoja, gizani, kwa malipo, dhidi ya mtu ambaye hakuwepo kujitetea. Nikiweka kando mafuta, maji na stika zinazouzwa mlangoni, hilo la kuwasingizia wazee uchawi ndilo linaloniumiza kuliko yote, maana katika nchi yetu bibi mwenye macho mekundu anaweza kupoteza maisha kwa neno la namna hiyo.

Kinachowafunga watu wengi si imani, ni woga. Wanasema, "Je, kama kweli ni mtu wa Mungu? Nikimpinga nitapatwa na nini?" Torati ilishalijibu. Kumb 18:22 inasema nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lile lisitimie, amelinena kwa kujikinai, halafu inamaliza kwa neno moja: "usimwogope". Ruhusa hiyo ya kutomwogopa nabii tumepewa na Mungu aliyewaleta manabii.

Wakristo wa mwanzo nao walikuwa na vipimo vyao. Kuna maandishi ya kale yaitwayo Didake, ya takriban kizazi cha kwanza au cha pili baada ya mitume, ambayo nakala yake ilipatikana Konstantinopoli mwaka 1873. Yanasema mgeni ajaye kama mtume apokewe kama Bwana, akae siku moja, na ya pili ikibidi. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Akiagiza meza iandaliwe akiwa katika roho, asiile yeye. Akisema katika roho "nipeni fedha", asisikilizwe, ila akiomba kwa ajili ya wahitaji wengine, mtu asimhukumu. Nimecheka nikisoma hicho cha meza. Ni dhahiri kilitungwa na watu waliokwisha kulishana na manabii. Ni kweli maandishi hayo hayo yanakataza kumjaribu nabii wakati ananena katika roho. Lakini yanaendelea: si kila anenaye katika roho ni nabii, isipokuwa awe na mwenendo wa Bwana. Maana yake wewe mwache amalize, kisha uitazame njia anayoiendea.

Ila tusidhani kipimo cha fedha kinatosha. Sisi Walutheri wa Tanzania tuna somo letu wenyewe. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa Samunge, Loliondo, ambaye watu walimwita Babu, alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto mti wa kutengeneza dawa, kikombe kimoja kwa mtu mmoja, kwa shilingi 500 tu. Hakujenga jumba wala hakununua helikopta. Wenye helikopta walikuwa wateja wake. Mawaziri walikwenda, maskini walikwenda, magari yakajipanga kilomita baada ya kilomita, watu wakavuka kutoka Kenya. Kwa Didake pengine Babu angefaulu. Lakini wapo wagonjwa waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za virusi vya UKIMWI au za kisukari wakiamini kikombe kimetosha. Foleni ikakatika, magonjwa yakabaki. Babu alifariki mwaka 2021, na sina sababu ya kumwita tapeli. Mtu mpole asiye na tamaa anaweza kuota ndoto isiyotoka kwa Mungu, au kuipa ndoto maana isiyokuwamo. Ndiyo maana Paulo hakuishia kutazama tabia ya nabii. Alitaka neno lenyewe lipambanuliwe, kabla gari halijawashwa.

Na pale neno lisipopimwa kabisa, tunajua mwisho wake. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili ya watu walioaminishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Ilipita 400, na watoto wakiwamo.

Nawapa mfano wa kanisa lililopima. Mimi si Mkatoliki, nasimulia kama jirani. Tarehe 28 Novemba 1981 huko Kibeho, kusini mwa Rwanda, msichana wa shule aitwaye Alphonsine Mumureke alisema amemwona Mama wa Neno, yaani Mariamu. Wenzake walimcheka. Wengine wakafuata kusema wameona, na Agosti 1982 wakaeleza maono ya kutisha ya mito ya damu na watu wakiuana. Askofu hakuwakumbatia wala hakuwafukuza. Aliunda tume ya madaktari na tume ya wanateolojia. Mwaka 1994 ukaja na mauaji ya kimbari, na mmoja wa wasichana wale, Marie Claire Mukangango, akauawa humo. Mtu angetegemea kanisa liseme hapo hapo, "Mmeona? Yametimia!" Halikusema. Lilingoja hadi tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka 20 tangu mwanzo, Askofu Augustin Misago akatangaza kuwakubali watatu tu kati ya wengi waliodai. Na hata kwa hao watatu, kanisa hilo linafundisha kwamba ufunuo wa namna hiyo hauongezi kitu kwenye Injili, wala muumini halazimiki kuuamini. Juu ya Mariamu tutatofautiana na ndugu zetu hao. Juu ya subira yao sina la kutofautiana nalo.

Sasa niseme na sisi wa madhehebu ya zamani, maana tusijipongeze. "Msimzimishe Roho; msitweze unabii; jaribuni mambo yote; lishikeni lililo jema" (1 Thes 5:19-21). Amri ya pili hapo tunaivunja kila Jumapili. Ibada zetu zina nafasi ya matangazo, ya mnada wa mbuzi na ya kumkaribisha mgeni rasmi, lakini ndugu mwenye neno moyoni hana mahali pa kusimama. Akijaribu, mzee wa zamu anatazama saa. Watu wenye kiu ya kusikia Mungu anasema nini juu ya ndoa yao na ada za watoto wanatoka kwetu saa nne asubuhi, na saa nane mchana wako kwenye hema wamekata namba. Hatuwezi kuwalaumu kwa kunywa maji machafu wakati kisima chetu tumekifunga kufuli.

Kwa jumuiya za wiki hii: someni Mdo 21:1-14 yote, msiruke ile aya ya Tiro, ambapo wanafunzi nao walimwambia Paulo "kwa Roho" asipande kwenda Yerusalemu, naye akaenda. Mbishane juu yake, kuna mengi humo. Kisha acheni nafasi kabla ya maombi ya mwisho. Mwenye neno aliseme mbele ya wote, akiwa ameketi kama wengine, bila kupaza sauti. Wawili au watatu walipime hapo hapo kwa Maandiko. Kama linamhusu mtu, mtu huyo awepo. Kama lina uzito, liandikwe na wazee walifuatilie. Kama halina, mwenye nalo asione haya, tuimbe ubeti mmoja tuendelee na kuwaombea wagonjwa.