Siti ya pikipiki kwa safari ndefu: usidanganywe na ulaini

Siti inayokufurahisha dukani mara nyingi ndiyo itakayokutesa barabarani. Sponji nyepesi hubonyea hadi mwisho, mifupa ya makalio ikakaribia plastiki ya chini, na ganzi ikaanza. Ipime kwa goti, si kwa kidole: ukiisikia plastiki, achana nayo.

Kwa Boxer au TVS, sioni haja ya kununua siti mpya. Mpelekee fundi siti hiyo hiyo uliyonayo. Chini aweke sponji ngumu iliyotengenezwa kwa mabaki ya sponji yaliyobanwa, sentimita 4 hivi, na juu yake sponji laini kiasi ya sentimita 2. Gundi ipakwe nyembamba. Ikirundikana hukauka na kuwa vinundu utakavyovikalia njia nzima.

Umbo ni muhimu kuliko unene. Siti inayoteremkia tangi hukusukuma mbele kila unapofunga breki, nawe unachoka mikono kwa kujirudisha nyuma. Unapokalia pawe bapa na papana, karibu na tangi pawe pembamba ili miguu ifike chini. Kuongeza kimo cha siti hupunguza kukunja magoti, ila mfupi apime kwanza kama atakanyaga ardhi.

Kava isiwe na mshono katikati. Mshono huchuna ngozi, na mvua hupenyea hapo. Sponji iliyolowa hukauka polepole mno.

Kabla kava haijapigwa pini zote, ikalie dakika 30 bila kushuka. Fundi atanung'unika. Mwache.