Lydia Ko si mpigaji wa mbali, na hilo ndilo la kuiga

Tarehe 10 Agosti 2024, katika uwanja wa Le Golf National karibu na Paris, Lydia Ko wa New Zealand alitwaa dhahabu ya Olimpiki akiwa mikwaju 10 chini ya kiwango (idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mahiri hutarajiwa kutumia), mikwaju 2 mbele ya Mjerumani Esther Henseleit. Jina la Henseleit si geni kwa wapenzi wa gofu wa Kenya. Desemba 2019 ndiye aliyebeba taji la kwanza kabisa la Magical Kenya Ladies Open pale Vipingo, Kilifi, na kwa ushindi huo akamaliza msimu akiongoza jedwali zima la Ladies European Tour.

Dhahabu ile ilimwingiza Ko katika Ukumbi wa Mashujaa wa LPGA, chama cha gofu ya kulipwa ya wanawake cha Marekani, akiwa na umri wa miaka 27. Watu wengi walidhani amepewa nafasi hiyo kwa heshima ya medali. Sivyo. LPGA haipigi kura. Inahesabu alama, na unaingia ukifikisha 27. Taji la kawaida ni alama 1. Taji kuu, yaani mojawapo ya mashindano matano makubwa ya mwaka, ni alama 2. Tuzo ya Vare, anayopewa mwenye wastani mdogo zaidi wa mikwaju kwa msimu, ni alama 1; mchezaji bora wa mwaka, 1; dhahabu ya Olimpiki, 1. Siku ile Ko alikuwa na mataji 20, mawili kati yake yakiwa makuu, kwa hiyo hapo ni alama 22. Ongeza tuzo 2 za Vare (2021 na 2022) na tuzo 2 za mchezaji bora (2015 na 2022), unapata 26. Medali ikajaza ya mwisho. Siku 15 baadaye alishinda taji lake kuu la tatu, AIG Women's Open, kwenye Old Course ya St Andrews.

Nimeianza habari yake na hesabu hiyo kwa makusudi, kwa sababu hakuna alama hata moja inayotolewa kwa kupiga mbali. Njoo Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wowote wa mazoezi hapa Nairobi, uwe Karen, Vet Lab au Golf Park pale Ngong Racecourse, uangalie wazazi wanavyosimama nyuma ya binti zao. Kinachopigiwa makofi ni draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi. Ko hajawahi kuwa miongoni mwa wapigaji wa mbali zaidi wa LPGA, hata alipokuwa nambari moja duniani. Alichonacho ni mkwaju wa kuingia grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, unaotua karibu na shimo, mkono mzuri sana karibu na grini, na utulivu wa kusukuma mpira shimoni. Hayo msichana wa Nairobi anaweza kuyajenga bila kuwa na mwili mkubwa na bila fimbo za bei ya gari.

Alizaliwa Seoul mwaka 1997, akahamia New Zealand akiwa mdogo, akaanza gofu akiwa na miaka 5 baada ya kupewa fimbo na shangazi yake. Kocha wake Guy Wilson, wa klabu ya Pupuke mjini Auckland, alikaa naye miaka 11. Januari 2012, akiwa na miaka 14, alishinda NSW Open kule Australia. Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 15, akashinda Canadian Women's Open dhidi ya wachezaji wa kulipwa na kuwa mshindi mdogo zaidi katika historia ya LPGA. Kwa kuwa bado alikuwa mchezaji wa ridhaa, hundi ya mshindi ya dola 300,000 ilimwendea Inbee Park aliyekuwa wa pili. Mwaka uliofuata Ko alitetea taji lilelile, bado akiwa wa ridhaa. Ni Oktoba 2013 tu, baada ya kuishinda dunia ya kulipwa mara kadhaa, ndipo alipogeukia gofu ya kulipwa, na LPGA ikamwondolea sharti la kufikisha miaka 18. Mpangilio huo una maana kubwa. Alithibitisha kwanza, akaingia baadaye. Hapa kwetu wengi hufanya kinyume: hujitangaza wa kulipwa kwa sababu wamekuwa bora klabuni, halafu wanapoteza hadhi ya ridhaa na wanakosa hela pia.

Februari 2015 akawa nambari moja duniani akiwa na miaka 17, mdogo zaidi kuwahi kushika nafasi hiyo, wanaume wakihesabiwa. Septemba akashinda Evian Championship kwa raundi ya mwisho ya mikwaju 63, na Aprili 2016 akaongeza ANA Inspiration, yote mawili mataji makuu. Rio 2016 alipata medali ya fedha. Mtu angesema basi, njia imenyooka.

Hapa ndipo sehemu ninayotamani kila kocha na kila mzazi aisome mara mbili. Oktoba 2016 aliachana na kedi wake, yaani mbeba fimbo na mshauri wake uwanjani, Jason Hamilton. Desemba akaachana na kocha David Leadbetter. Januari 2017 akabadilisha fimbo zote, kutoka Callaway kwenda PXG, akiwa na kocha mpya Gary Gilchrist. Kedi, kocha na fimbo, vyote ndani ya takriban miezi mitatu. Mwaka 2017 ulipita bila taji hata moja, na Juni akapoteza unambari moja kwa Ariya Jutanugarn wa Thailand baada ya wiki 85 mfululizo. Ushindi wa Mediheal Championship wa Aprili 2018 ulileta matumaini, lakini baada ya hapo alikaa siku 1,084 bila kushinda tena LPGA.

Simlaumu aliyekuja wala aliyeondoka. Kila badiliko, likisimama peke yake, lingeweza kuwa sahihi. Shida ya kubadilisha vitu vitatu pamoja ni kwamba mpira ukienda kushoto, hujui nani kauelekeza huko. Fimbo ikisimama wima kupita kiasi kwa urefu wa mikono yako, huinua ncha yake, na mpira wa anayepiga kwa mkono wa kulia huenda kushoto. Shafti, yaani mti wa fimbo, ikiwa nyepesi au laini kuliko uliyoizoea hubadilisha muda wa uso wa fimbo kurudi kuitazama shabaha, na mpira huenda huku na huku. Swingi mpya nayo ina makosa yake ya miezi ya kwanza. Kedi mpya bado hajui chuma chako namba 7, fimbo ya umbali wa kati, huenda umbali gani ukiwa na hofu. Makosa manne tofauti yanaweza kuzaa mpira uleule ulioanguka kwenye banka, yaani shimo la mchanga, la kushoto. Mchezaji huanza kutibu ugonjwa asiokuwa nao: anarekebisha mikono kumbe tatizo ni shafti, na mikono iliyokuwa mizima sasa inaugua.

Kwa hiyo badilisha kitu kimoja. Kama ni fimbo, mwache kocha na swingi walivyo, na uchukue vipimo vya fimbo za zamani kabla hujaziuza: urefu, nyuzi za mlalo wa uso, pembe ya kusimama, uzito na ugumu wa shafti. Bila vipimo hivyo huna pa kurudi. Ipe fimbo mpya wiki sita mpaka nane za mazoezi na raundi za kawaida kabla ya kuipeleka mashindanoni. Kama ni swingi, ipe muda mrefu zaidi, na ufanye kazi hiyo nje ya msimu.

Kurudi kwa Ko nako hakukuwa kwa ghafla. Agosti 2020, katika Marathon Classic kule Ohio, aliongoza kwa mikwaju 5 zikiwa zimebaki mashimo 6, akafika shimo la mwisho akiwa bado mbele kwa 1, kisha akalimaliza kwa mikwaju 7 ambapo 5 ingemtosha kushinda. Danielle Kang akabeba taji. Wengine wangevunjika. Aprili 2021 alimaliza raundi ya mwisho ya ANA Inspiration kwa mikwaju 62, akawa wa pili, na wiki mbili baadaye akashinda Lotte Championship kwa mikwaju 28 chini ya kiwango, tofauti ya mikwaju 7. Mwaka 2022 alishinda mara tatu, akapata wastani wa 68.988 kwa raundi na kurudi kileleni mwa dunia.

Sasa turudi Nairobi, maana jiji hili lina tabia zake na mchezaji asiyezijua hudanganywa nazo. Tuko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira hukutana na ukinzani mdogo, na huenda mbali kwa takriban asilimia 6 kuliko pwani. Msichana anayepiga chuma namba 7 mita 140 hapa Muthaiga ataona kama mita 132 pale Vipingo. Hiyo ni karibu fimbo nzima. Tena hewa nzito ya pwani hukuza athari ya mzunguko wa pembeni: mpira unaopinda mita 5 Nairobi hupinda zaidi kule, na upepo wa bahari unaongeza wake. Mchezaji wetu anayeshuka Jumatatu kwa mashindano ya Alhamisi anapaswa kutumia siku yake ya kwanza kupima fimbo upya zote, akiandika umbali wa kutua peke yake, bila kuhesabu mviringiko. Akitegemea vipimo vya Nairobi atakuwa mfupi siku nzima, na banka nyingi huwa mbele ya grini.

Kuna pia nyasi ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda hizi zetu za juu. Kwenye fawei, njia ya nyasi fupi inayoelekea grini, hubeba mpira vizuri. Pembeni mwa grini ni mtihani, kwa sababu mashina yake magumu hukamata shingo ya weji, fimbo ya mikwaju mifupi ya juu, na kuufunga uso wake, na mpira huchomoka chini ukielekea kushoto. Shika fimbo kwa nguvu kidogo zaidi kuliko kawaida, weka mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, fungua uso kiasi, shuka kwa mwinuko mkali na usisimamishe mikono baada ya kugusa mpira. Anayejaribu kuusukuma mpira taratibu kwenye kikuyu huuacha palepale.

Kwa mazoezi ya weji, tumia mipira yako mwenyewe. Ile ya uwanja wa mazoezi iliyochakaa huenda fupi na hukupa namba za uongo. Chukua weji tatu zinazopishana nyuzi 4 hadi 6, mathalani 48, 53 na 58. Kwa kila moja piga mipira 10 mikono ikifika kiunoni, 10 ikifika begani, na 10 swingi kamili. Tupa mipira 2 mirefu zaidi na 2 mifupi zaidi, piga wastani wa 6 iliyobaki. Utapata namba 9. Ziandike kwenye karatasi ndogo uibandike kwenye shafti, ndiyo, sheria zinaruhusu maandishi ya namna hiyo. Namba mbili zinazofuatana zikipishana kwa zaidi ya mita 12 mahali popote, hapo una pengo, na pengo hilo litakutafuta kwenye shimo la 17. Rudia kipimo kila baada ya miezi mitatu, hasa kwa msichana anayekua.

Kuhusu kusukuma mpira kwenye grini nitasema kwa ufupi. Hata wanaume wa PGA Tour hutumbukiza nusu tu ya mipira kutoka mita 2.4. Kwa hiyo usimkaripie mtoto kwa kukosa mita 3. Mkaripie, kama ni lazima, kwa kuacha mpira mita 2 kutoka shimoni baada ya kusukuma kutoka mita 10.

Wanaoota mashindano kama yale ya Vipingo wajue aina ya watu watakaowakuta. Mwaka 2023 Aditi Ashok wa India alishinda pale kwa tofauti ya mikwaju 9. Mwaka 2024 Shannon Tan akawa Msingapore wa kwanza kushinda katika Ladies European Tour. Rose Naliaka alitufungulia njia ya wanawake wa kulipwa hapa Kenya, na kizazi kilichomfuata kina vipaji vya kweli. Kinachotuangusha mara nyingi ni raundi moja mbaya kati ya mbili za kwanza, na baada ya hizo mbili ni takriban 60 bora pekee wanaoendelea. Hapo ndipo handikapu, namba inayopima kiwango cha mchezaji, inapotudanganya. Mfumo wa sasa huchukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Zile 12 nyingine haziingii kwenye hesabu, hivyo binti mwenye handikapu ya 1 anaweza kuwa na raundi kadhaa za mikwaju 82 ambazo hakuna anayeziuliza. Kwenye mashindano ya kulipwa kila raundi inahesabiwa. Toa kadi za raundi hizo 12, kwa kila shimo lililoharibika andika mkwaju wa kwanza uliokosewa, umbali wake na fimbo iliyotumika, na umpe kocha karatasi hiyo kabla hamjazungumza habari ya draiva mpya.