Siki

Jana mke wangu alikuwa anatia siki kwenye achari, na mimi kwa mawazo nikarudi Kinasi, mlango wa bahari kule Mafia: nanga imetiwa, kofia ya mashine imevuliwa, mjomba kashika spana namba 10.

Siku chache kabla, gasketi ya kifuniko cha themostati, kile kivali kinachofungua njia ya maji ya kupoza mashine ikipata moto, ilikuwa imechanika, na mpya mpaka iagizwe Dar. Mjomba akaniambia nikate nyingine kwa karatasi ya gasketi, bolti nizitie grisi. Nilikuwa na miaka 19 na grisi niliiona kazi ya kubabaisha. Nikachukua silikoni ya vioo, ile inayonuka siki mpaka ikauke, nikaipaka nene. Bolti nikazitia gundi ya chuma, ya mirija miwili, zisilegee kwa mtikisiko. Halikuvuja hata tone. Siku nne nilitembea kifua mbele.

Siku ya tano tukatoka Jibondo na pweza, tunakwenda Utende. Ilikuwa bamvua, maji yanakupwa kwa kasi. Mashine ikaanza kukosa nguvu, maji ya kupoza yanayotoka pembeni yakawa machache, yanafuka mvuke. Mjomba akazima. Dawa yake kila mvuvi anaijua: fungua kifuniko, toa themostati, rudi nyumbani bila ya hiyo.

Bolti ya kwanza ilizunguka robo. Nikasema alhamdulillahi. Kumbe haikuzunguka, ilikuwa inajinyonga. Ikalia *tik*, kama kijiti cha kiberiti, kichwa kikabaki ndani ya spana. Mjomba akakidondosha kiganjani. Palipokatika chuma kilikuwa cheupe, kinang'aa, na chini ya kichwa pana pete ya gundi ya kijivu. Akaikwangua kwa ukucha. Haikutoka.

"Mjomba, umetia nini humu?"

"Gundi ya chuma."

"Na siku ya kufungua?"

Mkondo ulikuwa unatuvuta kwenye mlango wa bahari kuu, kamba ya nanga imekaza inalia. Bolti ya pili hakuigusa. Aliiweka spana chini taratibu, akakaa, akatazama maji.

Yalipoanza kujaa tukapiga kafi, na boti ya Chole ikatufunga kamba. Pweza tuliuza kwa bei ya kutupa. Fundi alikipasha moto kifuniko ndipo kikaachia. Ndani, silikoni niliyoizidisha ilikuwa imetambaa ikaishika themostati isifunguke. Aliibandua kama ngozi ya yai, akanipa niinuse. Ilikuwa inanuka siki bado.

Siku hizi vifuniko vya maji navitia gasketi mpya na utando mwembamba wa dawa isiyokauka, inayofutika kwa kitambaa na spiriti. Bolti za chuma cha pua zinazoingia kwenye alumini nazipaka grisi ya baharini, maana chumvi huzigandisha hata bila gundi. Penye mtikisiko mkali natumia dawa ya kuzuia nati kulegea, ile ya buluu, ambayo spana ya kawaida inaishinda. Ile nyekundu inataka moto wa nyuzi 250 hivi, na katikati ya bahari moto huo utautoa wapi?

Wateja wengine hunirudia wakisema kifuniko kinatoka jasho. Nakaza kidogo, jasho linakata. Wiki iliyopita mmoja alikataa, akaenda kutiwa silikoni kwingine. Mashine yake inapita hapa kila asubuhi, na mpaka leo haijavuja.