Mahindi ya mama yalivyofika Februari

Nililala miaka mingi kwenye chumba kilichopakana na ghala la mama. Usiku nyumba ikitulia ulikuwa unawasikia dumuzi, wale wadudu wa mahindi, wanavyotafuna, kr kr kr, kama mtu anayekwangua ubao kwa kucha. Asubuhi chini ya magunia kunakuwa na unga mwepesi wa manjano, na punje ukiishika inapasuka kama ganda tupu.

Kwetu ni Kongwa, mkoani Dodoma. Mvua ni ya msimu mmoja, na mavuno yanaanza Mei hadi Julai. Mwaka wa kawaida mama anavuna mahindi ya kutosha watu sita, lakini kwa kuwaogopa dumuzi alikuwa anayapeleka mengi soko la Kibaigwa mwezi huohuo wa Julai, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Januari tunarudi sokoni kununua mahindi kama yaleyale kwa bei iliyopanda. Februari, mahindi mapya yakiwa bado ya kufika kiunoni, tulikuwa tunakunywa uji mara moja kwa siku. Nilikua nikidhani njaa ni ya mvua tu.

Nilipoingia SUA pale Morogoro, chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, aliyefariki mwaka huohuo, somo lililonishika halikuwa la mbegu wala mbolea. Lilikuwa la hifadhi ya mazao. Mwalimu alituletea mfuko wa PICS darasani: gunia la kawaida kwa nje, ndani mifuko miwili ya plastiki nzito. Ukiufunga vizuri, wadudu waliomo wanaimaliza karibu oksijeni yote, wanaacha kula, wanakufa bila dawa yoyote. Akatuambia ulibuniwa miaka ya mwisho ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wenzao wa Kameruni, kwa ajili ya wakulima wa kunde. Nilikaa pale nikimfikiria mama. Ujuzi huo ulikuwapo kabla sijazaliwa, na sisi tulikuwa tunakunywa uji.

Mwaka wa pili nikaomba fildi yangu, yaani mafunzo ya vitendo, niifanyie wilayani kwetu. Nilifika Julai, mahindi yakiwa bado kwenye turubai. Nilinunua mifuko minne kwa shilingi 5,000 kila mmoja, na mama akanitazama kama niliyechezea nauli.

"Mwanangu, hii ni mifuko tu. Dumuzi anakula mpaka mbao."

"Ni kweli mama. Tujaribu minne, mingine uuze kama kawaida."

Kilichonisaidia ni chupa. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, unatikisa kwa dakika moja hivi, unaacha itulie. Chumvi ikiganda ukutani, mahindi bado yana maji. Ikianguka yote chini, yamekauka. Mama alizoea kuyapima kwa meno, na meno yake hayakuwa mabaya, lakini siku ile alisema yamekauka na chumvi ikabaki ukutani kama umande. Tukayaanika siku nne zaidi. Hapo sikutaka mchezo, kwa sababu mahindi mabichi ukiyafungia yanaota kuvu, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu huku kwetu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Siku ya nne chumvi ilishuka yote. Tulifunga kila mfuko peke yake: kuukamua hewa, kuusokota shingo, kuikunja, kukaza kamba. Tukaipanga juu ya chaga, mbali na ukuta, panya wasipate kona. Wiki ya pili mama aliweka sikio kwenye mfuko mmoja, akakaa hivyo muda mrefu.

"Wamenyamaza," akasema.

Kwa jirani mambo yalikwenda vibaya, na kosa lilikuwa langu. Nilimwonyesha kufunga, sikumwambia asifungue. Kila siku tatu alikuwa anachota mahindi ya kusaga, hewa inaingia, na mwezi wa pili tangu tufunge dumuzi walikuwa hai kama kawaida. Mwalimu alipokuja kunikagua nilimweleza yote mbele ya akina mama kumi na kitu. Hakunigombeza. Aliketi kwenye turubai nao kwa muda wa karibu saa mbili, akawaambia mahindi ya kula kwanza yawekwe gunia la kawaida, mfuko ubaki umefungwa miezi. Bibi mmoja akamweleza anavyochanganya kunde na majivu, na mwalimu akatoa daftari akaandika kiwango, sufuria kwa sufuria. Nilimheshimu sana siku ile.

Ningepata nafasi mbele ya wakuu wa vyuo vya kilimo, ningewaomba hili: wapelekeni wanafunzi vijijini mahindi yakiwa bado kwenye turubai, kisha warudisheni Februari. Mwanafunzi anayeondoka Septemba hajui kama alichofundisha kimelisha mtu. Jirani yangu angepata hasara kimya kimya, nami ningeandika kwenye ripoti kwamba alifundishwa akaelewa.

Mimi nilirudi Februari kwa nauli yangu, siku tatu tu. Mama alikuwa amebakiza mifuko miwili na alinisubiri tufungue pamoja. Alifungua kamba ya kwanza, ya pili, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Mkono ulikuwa safi, hauna unga. Akapima debe moja la nyumbani, akapima la pili akalisogeza mlangoni, la jirani.

Jirani alikuja jioni na ndoo yake. Kabla hata hajakaa akauliza, "Ile chupa ya chumvi bado ipo?"