Matairi yaliyoshinda mchanga wa Msimbati na njia ya Newala

Ni mwaka wa tatu sasa ninasafirisha samaki wa shangazi yangu kutoka Msimbati hadi Newala kwa Hilux yenye deli sita za barafu nyuma, na katika miaka miwili ya mwisho sijabadilisha tairi barabarani hata mara moja. Nalisema hili kwa fahari, kwa sababu mwaka wa kwanza ulikuwa wa mateso matupu, na sehemu kubwa ya mateso hayo ilitokana na ushauri wa watu waliozungumza kwa uhakika kuhusu jambo ambalo hawakulijua.

Safari yenyewe ni ngumu kwa tairi lolote. Msimbati ni mchanga mweupe, laini kama unga uliochekechwa, na gari huingia hadi ufukweni penyewe kupakia. Baada ya hapo kuna lami, kisha, kwa wakati ule, lami iliishia Mnivata na kuniacha kwenye mchanga mwekundu wa nyanda za Makonde, wenye mizizi ya mikorosho na visiki pembeni mwa njia. Njia hiyo yote huendeshwa kwa haraka, kwa maana barafu ikianza kuyeyuka na jua likapanda, changu aliyevuliwa usiku hushuka bei kabla hujafika Tandahimba.

Muuzaji mmoja wa mjini aliponiona ninazungukazunguka dukani kwake alinionyesha matairi ya matope, yenye meno makubwa yaliyoachana, akaniambia, “Kaka, haya ndiyo yanayokimbia jangwani kule Dakar. Mchanga wa Msimbati ni mchezo kwake.” Nilimwamini, nikayalipia. Siku ya kwanza ufukweni, gari likiwa na mzigo kamili, magurudumu ya nyuma yalizunguka mara tatu tu na kujichimbia hadi rimu ikazama. Wavuvi wanane walitutoa kwa makuti na mbao za mtumbwi. Meno makubwa hushika tope kwa kulichimba, na mchanga mkavu ukichimbwa hukimbia. Unachohitaji kwenye mchanga ni tairi lipanuke na kupita juu yake, kama mguu wa ngamia.

Baadaye nilifuatilia habari za hiyo Dakar, ambayo ni mbio za magari za jangwani, zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1978 kutoka Paris na ambazo tangu mwaka 2020 hufanyika Saudi Arabia. Madereva wake hupunguza upepo wanapoingia kwenye vilima vya mchanga na kuuongeza wanaporudi kwenye mawe, na malori ya mbio hizo yana mfumo unaomwezesha dereva kufanya hivyo akiwa ndani ya kabini. Muuzaji yule alinitajia jangwa lakini hakunitajia upepo, na bila upepo jina la jangwa halina kazi.

Wa pili kunishauri alikuwa dereva mwenzangu, ambaye alilijua jambo nusu. Aliniambia nitoe upepo hadi kipimo cha tairi kisome paundi 18, nami nikafanya hivyo, na gari likatoka ufukweni kama lililosukumwa. Nilifurahi mno. Ila sikuwa na pampu, na yeye hakusema lolote kuhusu kuurudisha upepo huo. Alisema tu kwamba matairi yale ni magumu na yatavumilia. Nilipita Mtwara mjini bila kusimama kwa sababu ya saa, nikashika lami ya kuelekea Mnivata kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Nilianza kusikia harufu ya mpira ulioungua, nikadhani ni breki. Kisha gari liliyumba upande wa kushoto, ukatokea mlio kama wa bati linalopasuliwa, na nilipofanikiwa kusimama, ubavu mzima wa tairi la nyuma ulikuwa umeachana na sehemu ya juu, ukining'inia kama ukanda.

Nililipeleka tairi lile kwa mzee mmoja fundi pancha, ambaye ndiye mtu wa kwanza kunifundisha badala ya kuniambia. Baada ya kunijibu shikamoo yangu alilipindua tairi, akaingiza mkono ndani, akautoa na kunifunulia kiganja. Kilikuwa kimejaa unga mweusi, mlaini, wenye joto bado.

“Mwanangu, hujapata pancha,” alisema. “Huu ni ubavu wa tairi, umejisaga wenyewe.”

Alinieleza kwamba tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Kwenye mchanga, kwa mwendo wa taratibu, joto hilo halina madhara makubwa. Ukiongeza mwendo na mzigo, mpira huachana na nyuzi zake, na hapo hakuna tairi litakalokuokoa, liwe la bei gani. Unga ule niliufunga kwenye karatasi nikamwonyesha shangazi, ambaye alikuwa amekasirika kwa sababu ya samaki walioharibika. Aliutazama kwa muda, akasema, “Basi nunua yanayofaa, na hiyo pampu pia. Nitatoa mimi.”

Safari hii sikumwuliza muuzaji yeyote tairi lipi ni zuri. Nilisoma ubavuni. Matairi yaliyokuja na gari yalikuwa na namba 112 baada ya kipimo chake, yaani kila moja hubeba kilo 1,120. Nilitafuta yenye ukubwa uleule wa 265/70R16 yaliyotengenezwa kwa magari ya mizigo, yenye herufi LT mbele na namba 121, ambayo ni kilo 1,450. Kilo hizo huhesabiwa tairi likiwa limejazwa upepo wote ulioandikwa ubavuni, kwa hiyo anayenunua tairi la mizigo na kulijaza upepo uleule wa tairi la zamani hajafaidi kitu. Tairi la LT huhitaji upepo zaidi kwa mzigo uleule. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: Q huishia kilomita 160 kwa saa, S huishia 180. Mimi sikimbizi gari hivyo, lakini nilipendelea S, nikiamini kwamba tairi lililopimwa kwa mwendo mkubwa zaidi litastahimili zaidi joto la mwendo wangu. Meno nilichagua ya wastani, yaliyokaribiana, ya njia zote.

Duka la kwanza walikuwa nayo, meusi na yanayong'aa, lakini nilipopiga magoti na kumulika kwa simu nilikuta tarakimu nne, 0815, maana yake wiki ya 8 ya mwaka 2015. Yalikuwa hayajakanyaga barabara hata siku moja, na bado niliyakataa, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umekaa tu. Niliyapata niliyoyataka kwa kuagiza, matano, pamoja na la akiba. Yalikaribia milioni mbili na nusu, na pampu ndogo ya kutumia betri ya gari ilikuwa juu kidogo ya laki moja.

Jambo ninaloliringia zaidi nililipata kwa kupima mwenyewe. Asubuhi, tairi likiwa la baridi, ninaandika upepo wake kwenye kijidaftari. Baada ya kukimbia kwa saa moja nasimama na kupima tena. Upepo ukiwa umepanda kwa paundi 6 hivi, nimepatia. Ukipanda kwa 9 au 10, tairi linapata joto kupita kiasi, maana yake nilianza na upepo mdogo kwa mzigo ule, au nimekimbia mno. Watu wengi wakiona umepanda hutoa upepo, na kwa kufanya hivyo wanaliongezea tairi joto lilelile wanalolikimbia. Mimi nalisubiri lipoe, kisha naongeza. Kwa wiki mbili za kuandika nilijua kwamba deli sita zilizojaa zinataka paundi 50 nyuma na 38 mbele, na nikirudi mtupu nashusha nyuma hadi 36 ili gari lisirukeruke. Hizo ni namba za gari langu na mzigo wangu. Mwenye gari jingine aandike zake.

Ufukweni nashuka hadi 20, na siendi zaidi ya kilomita 30 kwa saa wala sikati kona kwa ghafla, maana tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu. Kabla ya kushika lami nasimama chini ya mwembe uleule, nainua boneti, naunganisha pampu, na kwa dakika ishirini hivi matairi yote manne yanarudi kwenye kipimo. Mwanzoni shangazi alikuwa akipiga simu kuuliza kwa nini nachelewa pale. Siku hizi ananiuliza, “Umeshajaza?” nami nikimjibu kwamba tayari, anakata simu na kuwaarifu wateja wa Newala kuwa samaki wametoka.