Ninachokiombea Cleveland Browns Aprili hii: walinzi kwanza, kwotabeki baadaye

Shemeji yangu wa Morogoro, ambaye ni Yanga wa damu, aliniuliza kwa simu mwezi uliopita swali ambalo limenikaa kichwani mpaka leo. "Shemeji," alisema, "umeniambia timu inayoshika mkia huko kwenu ndiyo inayotangulizwa kuchagua wachezaji wapya. Sasa mbona nyinyi mnatangulizwa kila mwaka, na kila mwaka mnarudi palepale mkiani?"

Nilimjibu kwa kirefu, lakini sikuridhika na jibu langu, na ndiyo maana ninaandika leo, Februari 2026, wakati mashabiki wa Cleveland Browns hatuna mechi za kutazama ila tuna jambo moja kubwa la kusubiri. Katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, klabu haziendi sokoni kununua chipukizi kwa kushindana fedha. Kila mwezi wa Aprili timu 32 hupangwa foleni, zilizofanya vibaya zikitangulia, na kwa raundi 7 huchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Shughuli hiyo huitwa drafti, jina ambalo kwetu ni la mchezo wa kete wa vijiweni, na macho ya watu wengi siku hiyo huwa kwa makwotabeki, kwa sababu kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua, ndani ya sekunde chache huku watu wa kilo mia na zaidi wakimjia, ampe nani au amrushie nani.

Nilihamia Cleveland mwaka 2012, mwaka ambao Browns walimchagua Brandon Weeden katika nafasi ya 22, akiwa tayari na umri wa miaka 28. Mchezo nilikuwa bado siujui. Ninachokumbuka kutoka siku yake ya kwanza uwanjani ni bendera kubwa ya taifa iliyotandazwa kabla ya mechi, na yeye akakutwa chini yake, akihangaika kutafuta pa kutokea. Siku hiyo alirusha mipira minne ikanaswa na wapinzani, na tukafungwa kwa tofauti ya pointi moja. Nilimwonea huruma kijana yule, na huruma hiyo ndiyo iliyonifanya niendelee kutazama wiki iliyofuata, na iliyofuata.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba Weeden alikuwa jina moja tu katika orodha ndefu. Timu ya zamani ilihamishiwa Baltimore baada ya msimu wa 1995, na Browns waliporudishwa uwanjani mwaka 1999 walianza kwa kumchagua Tim Couch katika nafasi ya kwanza kabisa, wakamweka nyuma ya safu ya mbele, yaani walinzi watano wanaosimama mbele ya kwotabeki kumkinga, iliyookotezwa juzijuzi, naye akawa anaangushwa chini wiki baada ya wiki. Kwa miaka mingi palikuwa na jezi ya Couch katika dirisha la ofisi moja katikati ya mji, yenye namba 2, ambayo mgongoni yaliongezwa majina ya makwotabeki waliomfuata, kila jina likikatwa mstari ili lifuatalo liandikwe chini yake. Brady Quinn alichaguliwa wa 22 mwaka 2007, na Johnny Manziel naye wa 22 mwaka 2014. Mwaka 2017 tulicheza mechi 16 bila kushinda hata moja, tukapewa tena nafasi ya kwanza, tukamchukua Baker Mayfield, na kwa haki yake niseme kwamba ndiye aliyetupa ile Januari ya 2021, tulipoifunga Pittsburgh 48 kwa 37, ushindi wetu wa kwanza wa mtoano tangu msimu wa 1994. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye viongozi wakaamua kwamba hatoshi.

Machi 2022 walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza, pamoja na nyingine za chini, ili kumpata kwotabeki Deshaun Watson kutoka Houston, wakampa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 230, zote zikiwa za uhakika. Wakati huo zaidi ya wanawake 20 walikuwa wamemfungulia kesi za madai wakisema aliwadhalilisha kingono. Yeye alikana, na huko Texas hakushtakiwa kwa jinai, ila ligi ilimfungia mechi 11 na kumtoza faini ya dola milioni 5. Mke wangu aliacha kutazama Browns siku mkataba ule ulipotangazwa, na sikumshawishi abadili mawazo, kwa kuwa sikuwa na neno la kumwambia. Uwanjani kwenyewe Watson aliumia bega, kisha kano ya kisigino, kisha kano ileile tena. Machi 2025 mwenye timu, Jimmy Haslam, alikiri hadharani kwamba walijaribu jambo kubwa wakakosa. Ninamshukuru kwa kukiri. Lakini nafasi tatu za raundi ya kwanza ni vijana watatu ambao leo wangekuwa na miaka miwili, mitatu, minne ya uzoefu, na nikiangalia mahali timu inapovuja naona kabisa wangekuwa wamesimama wapi.

Msimu uliopita ulinifundisha mengi kuliko misimu kumi iliyoutangulia. Katika drafti ya 2025 tulikuwa na nafasi ya pili. Meneja mkuu Andrew Berry aliiachia Jacksonville, akashuka hadi ya tano, akapata nafasi nyingine kadhaa pamoja na nafasi ya raundi ya kwanza ya Jacksonville ya mwaka huu. Katika drafti hiyo walikuja Mason Graham, Carson Schwesinger, Quinshon Judkins na Harold Fannin, vijana wanne ambao wote wameonyesha kwamba wanaijua kazi. Makwotabeki wawili waliachwa mpaka raundi za baadaye: Dillon Gabriel katika nafasi ya 94 na Shedeur Sanders katika nafasi ya 144.

Tulimaliza na ushindi 5 na vipigo 12, na Myles Garrett akaweka rekodi ya ligi kwa kuwaangusha makwotabeki wa wapinzani mara 23 katika msimu mmoja. Tafakari hilo: timu yenye mtu wa namna hiyo katika ulinzi inashinda mechi tano tu. Kwotabeki mkongwe Joe Flacco alianza, akauzwa Cincinnati mwezi Oktoba. Gabriel akapokea, kisha akaumia kichwa. Novemba 23 Sanders alianza mechi yake ya kwanza huko Las Vegas, na mapema kabisa akarusha ule mpira wa yadi 52 kwa Isaiah Bond huku akikimbizwa kuelekea pembeni. Tulishinda 24 kwa 10. Tangu timu irudi mwaka 1999, kila kwotabeki aliyeanza mechi ya kwanza ya maisha yake ya NFL akiwa na jezi yetu alikuwa amefungwa; yeye ndiye wa kwanza kushinda.

Desemba 7 nilikuwa uwanjani tulipocheza na Tennessee. Pale tulipokaa, upepo wa Ziwa Erie unaingia hadi ndani ya soksi. Sanders alirusha yadi 364 na tachidauni tatu, yaani mipira iliyofikishwa katika eneo la mwisho la wapinzani, na ya nne akaikimbiza mwenyewe, na bado tulifungwa 31 kwa 29. Lakini kilichonishughulisha mchana ule hakikuwa matokeo. Niliamua kwa makusudi kutoufuata mpira kwa robo nzima, nikawatazama watu watano walio mbele yake. Mpira unapotolewa, mlinzi wa pembeni anarudi nyuma hatua mbili, anazungushwa, na kabla Sanders hajainua mkono wake tayari kuna mtu ubavuni. Sanders anakwepa, anarudi nyuma yadi 10, anakwepa tena. Wakati mwingine anaokoka na uwanja mzima unapiga kelele, wakati mwingine anaanguka na yadi zote zile zinapotea. Watu wanasema ana tabia ya kushika mpira muda mrefu mno, na ni kweli anayo. Katika msimu wote alirusha tachidauni 7 na mipira 10 ikanaswa. Ila sidhani kama mtu yeyote, awe kocha au shabiki, anaweza kupima kwa haki kijana anayecheza huku anakimbia.

Sasa tuna nafasi ya 6, yetu wenyewe, na ya 24 iliyotoka Jacksonville. Hapa nikiri jambo. Drafti ya 2021 ilifanyika hapahapa Cleveland, kando ya ziwa, na nilikuwepo. Makwotabeki watano walichaguliwa ndani ya nafasi 15 za mwanzo: Trevor Lawrence, Zach Wilson, Trey Lance, Justin Fields na Mac Jones. Mashabiki wa timu zao walikuwa wakikumbatiana kama watu waliopata mtoto. Kati ya hao watano, aliyebaki na timu iliyomchagua ni Lawrence peke yake, na hata yeye ilimchukua miaka kadhaa ya kupanda na kushuka mpaka msimu uliopita alipoifikisha Jacksonville kwenye ushindi 13. Ndiyo sababu nafasi tuliyoipata kwao imekuwa ya 24 badala ya kuwa ya juu kama tulivyotarajia.

Mwaka huu kwotabeki anayetajwa na wote ni Fernando Mendoza wa Chuo Kikuu cha Indiana, mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na bingwa wa taifa wa vyuo, na timu ya Las Vegas ndiyo yenye nafasi ya kwanza. Dante Moore, kwotabeki mwingine, ameamua kubaki chuoni Oregon. Kwa hiyo nafasi ya 6 ikifika, hofu yangu ni kwamba mtu fulani katika chumba cha viongozi wetu atamtazama kwotabeki wa tatu au wa nne kwa ubora na kujishawishi kwamba ndiye mkombozi, kama walivyojishawishi na Weeden na Manziel. Ninawaomba wasifanye hivyo. Mikataba ya wachezaji wengi wa safu yetu ya mbele inakwisha mwezi Machi, akiwemo Joel Bitonio ambaye yupo nasi tangu 2014. Walinzi Spencer Fano wa Utah au Francis Mauigoa wa Miami, yeyote kati yao akiwepo, achukuliwe bila kusita, na nafasi ya 24 itafutiwe mdakaji mwenye kasi.

Najua nitaambiwa habari za Joe Thomas, na ni hoja nzito. Mwaka 2007 tulimchagua yeye, mlinzi wa pembeni, katika nafasi ya 3, akacheza mashambulizi 10,363 mfululizo bila kutoka uwanjani, akawalinda makwotabeki 20 tofauti, akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Canton mwaka 2023, na hajawahi kucheza hata mechi moja ya mtoano. Mlinzi bora peke yake hakututoa mkiani. Jibu langu ni kwamba Thomas alikuwa mmoja, na waliomzunguka walibadilishwa kila mara, makocha kwa makwotabeki. Kinachonipa moyo safari hii ni kwamba kocha mpya, Todd Monken, ametoka Baltimore, ambako Lamar Jackson alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2023 chini ya mipango yake ya mashambulizi, na kabla ya hapo Monken alitwaa ubingwa wa vyuo mara mbili akiwa na Georgia kwa kumtumia Stetson Bennett, kijana aliyejiunga na timu bila hata ufadhili. Ni mtu anayeweza kumtengenezea kazi kwotabeki aliye naye. Ampe Sanders msimu mmoja kamili nyuma ya safu iliyokamilika, ampe na Gabriel nafasi ya kushindana naye kwa haki, na wote wawili wakishindwa, drafti ya 2027 itatukuta tukiwa na nyumba ambayo mgeni anaweza kukaribishwa.

Drafti itaanza Aprili 23 huko Pittsburgh, saa mbili usiku kwa saa za kwetu hapa, ambayo ni saa tisa usiku Morogoro. Shemeji ameniahidi ataamka. Nimemwambia kwamba nafasi ya 6 ikifika na likatajwa jina la mtu mnene asiyegusa mpira, ambaye hajawahi kumsikia, basi ajue nimefurahi, anipigie.