Nyanya zangu hazikuwa na kiu: uzoefu wangu wa kupima unyevu wa udongo Rongai

Kwa misimu miwili niliamini nyanya zangu zinakufa kiu. Shamba ni robo ekari huko Rongai, Kaunti ya Nakuru, udongo mwepesi wa majivu ya volkano ambao jua la Januari huugeuza vumbi kabla ya saa nne asubuhi. Siku za kazi mimi hulala Nakuru mjini, kwa hiyo mzee anayenisaidia shambani alikuwa akinipigia simu: "Mama, udongo umekauka, nifungue tena?" Nami humjibu, fungua mzee wangu. Tangi la lita 5,000 liliisha asubuhi, likajazwa, likaisha tena jioni kupitia mipira ya matone. Tokeni za stima za pampu zilikuwa zikinimaliza. Hata hivyo majani ya chini yalizidi kuwa ya njano na matunda yakaoza kitako.

Msimu wa tatu nilianza na hesabu. CROPWAT ni programu ya bure ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa: unaiingizia joto, unyevu wa hewa, upepo na saa za jua, nayo inakukadiria maji yanayopotea hewani kila siku kutoka udongoni na kwenye mimea. Kwa siku zetu kavu ilinipa kama milimita 5. Namba hiyo unaizidisha na kiwango cha zao, yaani namba inayoonyesha zao hilo linatumia maji kiasi gani katika umri wake: nyanya changa ni 0.6, zikifika maua na matunda ni 1.15. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na robo ekari ni kama mita za mraba 1,000. Basi miche yangu ilihitaji takriban lita 3,000 kwa siku. Mimi nilikuwa nikiipa 10,000! Niliirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea nukta.

Lakini programu haijui udongo wangu unashika maji kiasi gani, kwa hiyo nikanunua vihisi viwili vya unyevu na kisomeo chake cha mkononi. Kimoja nilikiweka sentimita 20 chini, kingine 40. Vinasoma kwa sentibari, kipimo cha jinsi udongo unavyoyang'ang'ania maji, na hapo wengi huchanganyikiwa: namba ikipanda, udongo unakauka. Chini ya 10 umelowa chepechepe. Kwa udongo mwepesi kama wangu, nilipanga kufungua maji kihisi cha juu kikikaribia 30.

Wiki ya kwanza ilinivunja moyo. Kihisi cha juu kilisoma zaidi ya 90 kila asubuhi, tumwagilie tusimwagilie. Kwa siku nne niliongeza maji kwa hofu. Jumamosi nikafukua kwa mikono na kukikuta kimening'inia katikati ya mawe mepesi, hewa tupu pande zote. Kihisi kisiposhikana na udongo hakina cha kupima. Nilikiloweka maji usiku kucha, nikatoboa shimo jembamba kwa nondo, nikakoroga udongo uleule uwe kama uji mzito, nikaumimina shimoni na kukisukuma humo hadi kikakaa imara. Safari hii nilikiweka kwenye mstari wa mimea, shubiri moja kutoka kwenye tundu la mpira, maana chini ya tundu lenyewe kila siku kungeonekana kumelowa. Kama unaanza, tumia muda wako mwingi hapa kuliko kwenye kompyuta.

Kilipotulia, ndipo nikaona kisa chenyewe. Juu namba ilikuwa 18, kwa sentimita 40 ilikuwa 7. Vumbi lile lilikuwa ngozi tu. Mizizi ilisimama majini na mbolea ilikuwa ikisukumwa chini isikofikiwa. Nikamwambia mzee tusifungue. Alinyamaza, kisha akasema, "Mama, hii ikinyauka sitaki lawama." Nilimwelewa, yeye ndiye anayeziangalia kila siku. Tulikaa siku tatu bila tone, nami nikilala na wasiwasi, mpaka kihisi cha juu kikafika 29. Hakuna mche ulionyauka.

Tangu hapo hesabu hunipa kiasi, kihisi hunipa siku. Mvua ikinyesha naitoa kwenye hesabu. Wakati wa matunda tulipanda hadi lita 6,000 hivi, na tulipojaribu kupunguza, kihisi cha chini kilianza kupanda hadi 35, ishara kwamba maji hayafiki, tukarudisha. Kuoza kitako kulipungua sana. Tatizo hilo hutokana na kalisi kutofika kwenye tunda, na maji ya leo mafuriko kesho ukame huliongeza.

Sasa tuna kabichi, na kihisi cha chini tumekipandisha hadi sentimita 30. Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi mzee alinitumia ujumbe kabla sijaamka vizuri: "Juu 31, chini 16. Nimefungua."